Jeraha Lililopona Mapema

Jeraha la pua ya mwanangu lilikuwa limekauka, na nyumba nzima ilifurahi isipokuwa mimi.

Wifi yangu Jalila alimshika Intisar kidevu, akamgeuza uso kuelekea dirishani, akakitazama kile kitundu kilichokuwa kikitoa usaha wiki nzima. Usaha haukuwepo tena. Wekundu ulikuwa umerudi nyuma, umebaki duara dogo kukizunguka kipini cha dhahabu, na ngozi mpya, laini kama ya kitoto kichanga, ilikuwa imeanza kuota pembeni.

"Ndoo utizame, wifi," aliniita. "Ndoo uone kwa mato yako. Si mliniita mchawi? Haya, mchawi ndiye huyu, na pua ndiyo hii."

"Hakuna aliyekuita mchawi."

"Kakangu aliniita."

"Baba alikuita mjinga," Intisar alisema, kidevu bado kiko mkononi mwa shangazi yake. "Mchawi ulijiita mwenyewe."

Jalila akacheka hadi mtandio ukamwanguka mabegani. Mimi nilikuwa kwenye kigoda karibu na mlango, nachuja tui. Niliosha mikono, nikaenda kutazama. Kweli, lilikuwa linapona vizuri. Nikasema alhamdulillahi, kwa kuwa ndilo neno linalopasa, nikarudi kwenye kazi yangu. Tui lililokwisha kuchujwa nikalichuja tena.

Ile ilikuwa Ijumaa. Jumanne iliyotangulia daktari alikuwa ameniambia nisitarajie kuona nyama ikifunga kabla ya wiki moja kupita, pengine mbili.

Mimi ni mtu wa mikate ya kumimina. Kazi hii hakunifundisha mtu; marehemu mama yangu alikuwa mshonaji na hakupenda jiko. Nilijifunza kwa kuharibu, hapa hapa Timbwani, mpaka majirani wakaanza kununua, kisha maduka, kisha maofisi ya ng'ambo ya feri. Na jambo moja nililojifunza kwa kuharibu ni hili: mchele uliosagwa na tui, ukatiwa sukari, iliki na hamira, hauumuki kwa matakwa yangu. Una saa yake. Ukiumuka kabla ya saa hiyo, basi ama leo kuna joto kuliko jana, ama kuna mtu aliyetia hamira kabla yangu.

Nilimtazama mwanangu akijiangalia kwenye kioo cha simu. Joto lilikuwa lile lile la jana.

*

Alizaliwa na madoa meupe mgongoni, membamba, yamechongoka kama majani ya mwarobaini. Wakunga waliyasifu, wakasema ni alama ya bahati. Kifafa kilimwanza kabla hajajua kukaa. Alipofika darasa la pili vipele vyekundu vikamwota juu ya pua na mashavuni, vigumu, visivyotumbuka wala kuondoka, na watoto wa mtaa wakampa jina: Pua Kunazi. Aliwazoea, au alituambia amewazoea.

Tulizunguka sana kabla ya kumpata Daktari Mwende. Ni mama wa Kitui, mwembamba, mpole wa kusema, na siku ile ya kwanza hakuanza na ugonjwa. Aliniuliza kazi yangu.

"Napika mikate ya kumimina."

"Kwa hamira?"

"Kwa hamira, daktari."

"Basi huyu mtu nitakayekueleza mnajuana," akasema, akavuta kiti karibu.

Ndani ya kila chembe hai ya mwili, alinieleza, mna kitu mfano wa nyapara wa ujenzi. Wataalamu wanakiita mTOR. Kazi yake ni kuuliza. Chakula kipo? Nguvu ipo? Amri ya kukua imefika? Akijibiwa ndiyo, huamrisha kazi ianze, na chembe hunenepa, hugawanyika, mtoto hurefuka, kidonda hufunga. Akijibiwa hapana, husimamisha ujenzi, na chembe huanza kula mabaki yake yenyewe, kama nyumba yenye shida inavyochoma viti vibovu ili chungu kichemke. Mtu akifunga saumu, sauti ya nyapara hushuka, akifuturu, hupanda. Nyapara akienda kombo, maradhi mengi hupata mlango: sukari, saratani, hata uzee wenyewe. Na walimjua kwanza kupitia hamira, walipokuwa wakichunguza dawa iliyotokana na vijidudu vya udongo wa kisiwa kimoja cha mbali. Baadaye wakamkuta kwa binadamu, anafanya kazi ile ile.

"Wengi wetu tuna walinzi wawili wanaomshika mkono," daktari alisema. "Intisar amezaliwa na kasoro kwa mlinzi mmoja. Kwa hiyo kuna sehemu za mwili wake ambapo nyapara anaamrisha tu, hata kama hakuna aliyemtuma."

Vipele vya pua vilikuwa kazi yake. Uvimbe mdogo mdogo kwenye figo ulikuwa kazi yake. Na ulikuwepo mwingine ndani ya kichwa, kando ya mfereji mwembamba ambamo maji ya ubongo hupita. Daktari aliuonyesha kwa ncha ya kalamu. "Huu ndio ninaouogopa mimi," akasema.

Ile dawa ya udongo ndiyo iliyomshika nyapara. Kifafa kilipungua, uvimbe ukasinyaa, na kwa miaka mingi nilimpa Intisar kidonge chake kila asubuhi kwa mkono wangu. Lakini daktari alinionya tangu mwanzo, na Intisar alikuwa ameketi pale pale, miguu haijafika sakafuni. Dawa haitofautishi ujenzi wa halali na wa haramu. Inamshika nyapara kila mahali. Akijikata, kidonda kitachelewa na kitaoza upesi. Jino likitaka kung'olewa, aambiwe kwanza.

Niliporudi nyumbani nikamweleza Jalila, alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza, "Mtori? Si ule mchuzi wa ndizi wa watu wa bara?" Intisar alicheka hadi akapaliwa na maji. Kwa siku nyingi baadaye, kila alipoudhika, alisema mchuzi umemchemka kichwani.

Mara moja tu dawa ilikatika. Alikuwa na miaka kumi na minne, na kwa miezi kadhaa madukani haikupatikana. Uvimbe ukarudi. Dalili ya kwanza ilikuwa kutapika alfajiri, ghafla, bila kichefuchefu. Kisha anafuta mdomo na kuomba chai kana kwamba aliyetapika ni mtu mwingine. Ikafuata miguu kupepesuka. Yakafuata macho, yakawa yanashindwa kutazama juu. Dawa ilifika kabla hatujaona dalili ya nne. Sikumuuliza daktari dalili ya nne ni ipi.

Alipotimiza kumi na minane daktari alishauri nimkabidhi dawa zake mwenyewe. Nikamkabidhi.

*

Katika ukoo wa mume wangu hakuna msichana aliyetogwa pua na mtu mwingine isipokuwa Jalila. Masikio hutogwa utotoni, na Intisar alitogwa yake akiwa mchanga, kabla ya dawa. Lakini pua hungoja mpaka msichana akaribie utu uzima, na hufanywa kabla ya harusi, wote kwa pamoja, chumbani kwa Jalila kule Mtongwe. Sindano hupitishwa motoni, uzi hupakwa mafuta ya nazi na manjano, na kila anayetogwa huimbiwa ili asisikike akilia. Harusi ya safari ile ilikuwa ya Ruwaida, binti wa Jalila mwenyewe. Intisar alikwenda kusaidia kushona, akarudi na kipini.

Hakuna aliyemlazimisha. Nilimuuliza kwa nini pua, katika mwili wote.

"Watu huitazama hata hivyo, mama," alisema. "Sasa wana kitu cha kutazama."

Nilimtazama usiku wa kuolewa Ruwaida, kati ya wasichana wenzake, na kwa mara ya kwanza tangu utotoni hakuwa amejifunika shela hadi machoni. Niliposogea karibu nikaona kitundu kina unyevu. Alisema ni jasho.

Wiki zikapita, unyevu haukukauka. Kisha pua ikavimba, shavu likawa jekundu, homa ikampanda. Mume wangu Taufiq, ambaye hufanya kazi yadi ya makontena kule Changamwe na ambaye si mtu wa kelele, alimpigia dada yake simu kwa sauti iliyosikika nyumba ya tatu. Alimwambia yeye ni mjinga na asikanyage tena nyumbani kwake. Kesho yake asubuhi Jalila alifika na bakuli la mbaazi, mahamri, na begi la nguo. Akalala chumbani kwa Intisar, akamkanda pua kwa maji ya chumvi usiku na mchana. Hiyo ndiyo njia yake ya kuomba radhi. Taufiq alikula mbaazi bila kumtazama.

Jumanne tukavuka kwa feri kwenda kwa daktari. Alitoa antibayotiki, akasema kipini kisitolewe ili usaha upate njia, na akasema ile dawa ya kila siku isimamishwe mpaka kidonda kifunge.

"Na uvimbe wa kichwani?" nikauliza.

"Dawa haimwagiki kama maji ya kikombe, Mama Intisar. Itabaki mwilini siku kadhaa. Kwa hiyo ngozi haitaanza kufunga wiki hii, na uvimbe nao hautaanza kukua wiki hii. Tuna nafasi nyembamba. Tuitumie vizuri."

Intisar alikuwa anatazama vidole vyake vya miguu. Nilidhani ni homa.

*

Ijumaa ile, Jalila alipotoka kwenda dukani, nilimwita mwanangu jikoni.

"Intisar."

"Abee, mama."

"Dawa uliacha lini?"

"Si Jumanne? Ulikuwapo."

"Nilikuwapo. Nakuuliza wewe."

Akainua kifuniko cha sufuria, akachungulia unga, akakirudisha. "Mama nawe. Kila kitu kwako ni unga."

Nilimwacha. Si kwamba niliridhika. Lakini nimezoea kungoja. Jambo likiwa na sababu mbili, sipendi kumshika mtu kwa sababu ile mbaya kabla ile njema haijajaribiwa. Huenda antibayotiki ilikuwa na nguvu. Huenda maji ya chumvi ya Jalila yalikuwa na baraka. Nikajiambia ningoje dalili moja zaidi.

Kesho yake, nilikuwa nimemaliza sala ya alfajiri nilipoisikia, nje, penye bomba. Sauti moja fupi, maji kumwagika, kisha kimya. Nilipotoka alikuwa ameinama, anasukutua mdomo.

"Nipatie chai, mama," akasema. "Ya tangawizi."

Akageuka kupanda kidaraja cha mlango, kidaraja alichokipanda tangu ajue kutembea, na mguu wake ukakikosa.

Taufiq alikuwa anavaa viatu vya kazi. Alisema ni antibayotiki. Vidonge vikali humchafua mtu tumbo. Neno lake lilikuwa na akili, na siku nyingine ningelikubali. Nikamwambia aende kazini, simu aiweke karibu. Kisha nikaingia chumbani kwa wasichana, kama tulivyokiita ingawa Jalila ana wajukuu, nikaketi kitandani.

"Sasa sikuulizi kama uliacha kabla ya Jumanne," nikamwambia Intisar. "Nakuuliza tangu lini."

Alitazama ukuta. Jalila alikuwa anakunja shuka, akaacha.

"Tangu kabla ya kutogwa," alisema.

"Kabla, kivipi?"

"Daktari alisema kidonda kitachelewa. Mimi nilisikia, mama, nilikuwa mdogo lakini nilisikia. Nikasema niache siku chache kabla, ngozi ipate nafasi. Zile siku hazikutosha. Kitundu kikakataa kufunga. Nikasema ningoje kidogo, kikifunga nirudi kwenye dawa. Kikaoza. Ningerudi kingeoza zaidi, na nyote mngemla shangazi mzima mzima." Akapumua. "Nilitaka kipone kama cha watu. Basi."

Alivuta mfuko kutoka chini ya nguo zake. Vidonge vilikuwemo vyote, havijaguswa. Zaidi ya mwezi.

"Sikuvitupa," alisema. "Najua tunavyovipata."

Jalila alikaa chini sakafuni, polepole, kama mtu anayeshuka ngazi gizani. "Mimi niliombwa sindano," alisema. "Sikuambiwa habari ya dawa. Wallahi, Mama Intisar, sikuambiwa."

"Najua, wifi. Vaa buibui twende."

*

Tuktuk ilitushusha kwenye feri, tukasimama na umati wa Jumamosi. Kichwa kilimuuma Intisar akiinama, kwa hiyo nilimshika shingo kwa nyuma, nimeiinua, kama anavyoshikwa mtoto mchanga. Jalila alitangulia akifungua njia kwa viwiko na kwa mdomo. "Pisheni mgonjwa! We kaka, mkoba wako una cheo gani, usogee?"

Tuliingia, mlango ukapandishwa, tukatoka mita chache, injini ikapunguza sauti. Meli ya makontena ilikuwa inaingia bandarini, na feri hungoja meli. Iliteleza mbele yetu taratibu, ndefu kama mtaa, na maji yaliyokuwa kati yetu na hospitali yakawa hayapungui.

Intisar alifumba jicho moja.

"Waona nini?" nikamuuliza.

"Kila kitu viwili viwili. Namuona shangazi mara mbili."

"Mmoja hakutoshi?" Jalila akasema, lakini midomo yake ilikuwa mikavu.

Pale ndipo nilipojaribu kutafuta wa kumlaumu. Nilikuwa na nafasi. Meli ile ilikuwa na urefu wa kutosha. Nilianza na Jalila, nikaikuta sindano aliyoipitisha motoni. Nikaenda kwa Intisar, nikaukuta uso wake usiku wa harusi, wazi, unacheka. Sikuweza kufika mwisho wa hesabu hiyo. Kilichokuwa mbele yangu ni kichwa cha mwanangu mkononi mwangu, na ndani yake nyapara aliyeachiwa mkono zaidi ya mwezi, anajenga.

Injini ikanguruma. Tukavuka.

Hospitalini, kijana wa mashine ya picha alisema hakuna chuma kinachoingia mle, hata cha dhahabu. Jalila alikitoa kipini kwa vidole viwili, bila Intisar kukunja uso. Kisha akafungua leso yake, akatoa kijiti chembamba cha chelewa, ule uti wa jani la mnazi, kimechongwa na kulainishwa. Ndivyo ifanywavyo kwetu. Kitundu kisipotiwa kitu huziba. Muuguzi akamzuia mkono.

"Mama, hicho hakiingii kwenye kidonda hapa."

"Mwanangu, kitaziba kabla ya adhuhuri!"

"Wacha, shangazi," Intisar alisema akiwa amelala, jicho moja limefumbwa. "Kizibe."

Jalila alibaki na kijiti mkononi muda mrefu baada ya mlango kufungwa.

*

Taufiq alitukuta na fulana yake ya kazini, ile ya kung'aa, hakuwa hata amevua. Daktari Mwende alikuja na picha na mwenzake wa upasuaji, akatukalisha kando ya kitanda cha Intisar. Hakusema nje ya chumba. Nilimpenda kwa hilo.

Uvimbe ulikuwa umekua. Mfereji wa maji ya ubongo ulikuwa umebanwa, haujazibwa. Njia zilikuwa mbili, na daktari alizieleza polepole, akimtazama kila mmoja wetu kwa zamu.

Ya kwanza, kisu leo: mpira mwembamba utiwe kichwani upitishe maji. Hatari ya leo ingeondoka. Lakini uvimbe wenyewe ungebaki, na dawa isingerudi mpaka jeraha la kichwa lifunge. Wiki kadhaa za nyapara kuachiwa tena. Ya pili, dawa irudi saa ile ile, pamoja na nyingine ya kupunguza uvimbe wa ubongo, alale hapa akichungwa. Dawa ikimshika nyapara kabla mfereji haujaziba, angesalimika bila kisu. Mfereji ukitangulia kuziba, wangempasua kwa haraka, akiwa katika hali mbaya kuliko sasa.

"Vyote viwili haviendi pamoja?" Taufiq akauliza.

"Haviendi. Kinachouzuia uvimbe kukua ndicho kinachozuia jeraha kufunga."

"Basi mpasueni," Taufiq akasema. "Mpasueni leo. Nataka kuamka kesho hili limekwisha."

Na mimi, nitasema kweli, moyo wangu ulikuwa hapo hapo. Napenda jambo linaloanza na kumalizika siku moja. Nilifungua mdomo kumuunga mkono.

"Mimi sijaulizwa," Intisar akasema.

Daktari Mwende alivuta kiti chake kuelekea kichwani mwa kitanda. "Nilikuwa nakungoja wewe."

"Nikimeza dawa, nitajua lini?"

"Kila asubuhi itatuambia kitu. Ya kwanza itasema kidogo. Ya pili itasema zaidi."

"Na nikipasuliwa, naingojea dawa mpaka kichwa kifunge."

"Ndiyo."

Nje, mtu alikuwa anasukuma kitoroli chenye gurudumu bovu, na sote tulikisikiliza mpaka kikaisha ushoroba.

"Mimi nimeshawahi kuingojea ngozi," Intisar alisema. "Ukiingojea, kila siku unasema kesho. Sitaki tena. Nipeni dawa."

"Intisar," Taufiq akasema. "Mwanangu. Hebu—"

"Baba, nilikosea siku. Sikukosea kusikia. Daktari alisema nafasi nyembamba, nami hii ndiyo naitaka."

Taufiq alinitazama mimi. Jalila pia alinitazama. Nadhani walingoja niseme lile neno la kukataza ambalo mama husema, na lilikuwepo, lilikuwa limefika kwenye meno. Muuguzi alikuja na vidonge ndani ya kikombe kidogo cha plastiki. Mkono wangu ulinyooka wenyewe, kama ulivyonyooka kila asubuhi kwa miaka yote ile. Nikaurudisha mapajani. Intisar akavichukua, akavikosa mara ya kwanza kwa sababu aliona vikombe viwili, akavipata mara ya pili. Akameza.

Asubuhi ya kwanza alitapika.

Daktari wa upasuaji alikuja, akamulika macho yake, akamwambia atazame juu, chini, juu. Taufiq alikuwa amesimama mlangoni, paji la uso limegusa fremu. Jalila alisoma Yasini kwa kunong'ona, akikosea aya na kurudi, yeye asiyekosea kamwe. "Si vibaya kuliko jana," daktari akasema. "Si vizuri pia. Tunampa mpaka kesho. Chumba cha upasuaji kiko tayari." Intisar akaitikia kwa kichwa, akafumba macho. Siku ile nzima hakuna aliyesema naye ila kwa mambo madogo: mto, maji, pazia.

Asubuhi ya pili aliamka kabla ya jua. Nilikuwa nimeketi ukingoni mwa kitanda, beseni limo mikononi. Alikaa wima. Akangoja, na mimi nikangoja, na kifua chake kilipopanda nililisogeza beseni karibu.

"Liweke chini hilo beseni, mama," alisema. "Wanitisha."

Nikaliweka chini. Akafumba jicho moja, akafumbua. Akafumba la pili, akafumbua. Akamtazama Jalila, aliyelala kwenye kiti, mdomo wazi.

"Mmoja," akasema.

*

Miaka mitatu imepita. Kitundu kiliziba, kimebaki kialama kama cha ncha ya sindano, na kipini Jalila alimpa Ruwaida. Jalila anatoga bado. Lakini sasa, kabla hajaipitisha sindano motoni, humuuliza kila msichana, hata yule anayemjua tangu kuzaliwa: "Wameza dawa gani?" Wasichana hucheka. Yeye hacheki, na huwa hashiki sindano mpaka ajibiwe.

Uvimbe umesinyaa, haujaondoka. Daktari Mwende anasema hautaondoka, utashikwa tu, na atakayeushika ni Intisar mwenyewe, siku moja moja. Mwanangu sasa amepanga chumba Bombolulu, karibu na karakana anakotengeneza mapambo ya shaba. Taufiq hakutaka ahame. Alibeba godoro mwenyewe, amenuna, mpaka mlangoni.

Mimi huamka alfajiri, husaga mchele, hutia hamira, hufunika. Saa ile simu huita. Wakati mwingine mlio huchelewa, na nimejifunza kutosimama nilipo, kuendelea kuosha vyombo, kuendelea kuchambua mchele wa kesho. Ikiita, huipokea kwa mkono wenye maji.

"Mama, nimeamka," husema.

Hasemi kingine. Sijawahi kumuuliza kama amemeza.

"Haya, mwanangu," humjibu. Naye hukata, nami hurudi jikoni.